Majina ya mboga za hotelini: nitamke kama shefu au kama sokoni?

MtuWaSoni

Wakuu, habari za usiku.

Mimi ni Msambaa wa Soni, lakini riziki yangu iko Unguja. Napeleka mboga na matunda kwenye hoteli za pwani ya mashariki, kuanzia Kiwengwa hadi Pwani Mchangani. Vitu vya kawaida nachukua Mwanakwerekwe alfajiri. Vile vya baridi vinatoka kwetu Lushoto: mjomba anavipanga kwenye matenga, vinashuka na fuso mpaka Dar, vinavuka na boti. Kazi yenyewe naiweza. Koliflawa iliyonyweshwa maji ili mizani ipande naitambua kwa kuishika tu, na spinachi iliyolala naijua kwa harufu kabla sijafungua kiroba.

Kinachonitoa jasho ni majina. Kiwengwa mnaijua, Waitaliano wamejaa, na mashefu wao siku hizi hawaandiki oda, wanatuma sauti WhatsApp. Saa tano usiku nimeshaoga, simu inalia. Nafungua, mtu anaongea mfululizo bila kumeza mate, nyuma yake masufuria yanagongana, na humo ndani kuna rukola, sedano, prezemolo, finokio, melanzane. Naandika kama nilivyosikia. Asubuhi nikisimama naye mlango wa jikoni kuhakiki, namsomea karatasi yangu. Nusu anaitikia, nusu ananikazia macho na kusema "kome?" Na mimi hapo sijui nikome nini. Baadaye kijana wa bafe akaniambia ni "unasemaje?"

Hapo ni Waitaliano peke yao. Hoteli ya jirani shefu ni Mwingereza, majani yale yale ya rukola yeye anaita roketi. Mtunza stoo ana fomu yake ya Kiingereza. Mjomba naye huko Soni anasema "yale majani yako yenye ukali". Fungu moja la majani, mpaka lifike kwenye sahani limeshabadilishwa jina na kila aliyelishika.

Na si mambo ya kuchekesha tu, ni hela. Hoteli moja, jina naliacha, shefu aliagiza peperoni. Mtunza stoo aliponiona na matenga akaniambia kwa ukali kwamba peperoni ni soseji ya nguruwe, nimwachie mtu wa nyama, mimi nibaki na majani yangu. Mzigo ukakaa juani nje ya geti mpaka shefu alipotoka mwenyewe, akafunua tenga, akashika pilipili hoho nyekundu na kuzibusu. Kumbe kwa Kiitaliano peperoni ndiyo hoho! Nyanya zilizokuwa chini zilishaanza kutoa maji, na hakuna aliyenilipa.

Naomba mwenye ujuzi anieleze: kuna kanuni yoyote ya kutamka haya majina, au ni kukariri moja moja? Na je, nihangaike kutamka kama wao, au nishikilie ya kwetu na wao ndio wazoee? Msinielekeze kwenye tafsiri ya simu. Ninayo, inatamka vizuri tu, ila haisemi kwa nini mimi nikitamka sieleweki.

Kaskazi_77

Unajitesa bure kaka. Hao hao wakifika kwenye mnada wa samaki mtu anasema "jambo jambo" na kila mmoja anacheka naye. Waambie giligilani ni giligilani, tango ni tango. Mbona Mchina anauza simu Kariakoo na hajui hata "bei"? Anakuonyesha kikokotoo, biashara imeisha.

MtuWaSoni

Kaskazi, Mchina anauza alichonacho mezani. Mimi naagizwa kitu ambacho bado kiko ardhini Lushoto. Nikikosea kusikia leo, keshokutwa nina tenga la kitu ambacho hakuna anayekitaka kisiwa kizima.

MwalimuMstaafu_Chwaka

MtuWaSoni, mwanangu, ulimi wako hauna tatizo lolote. Sauti za Kiitaliano karibu zote unazo tangu unanyonya. Irabu wanaandika tano kama zetu na kila moja inasikika, hakuna inayomezwa kama kwa Mfaransa au Mwingereza. "Ch" unayo. "Ny" unayo, ambayo Mwingereza inamshinda.

Kilicho tofauti ni maandishi. Wao wakiandika c mbele ya i au e, wanasoma ch yetu. Wakiandika ch, wanasoma k. Kwa hiyo zucchini ni zukkini, cipolla ni chipolla (kitunguu maji), ceci ni chechi (dengu), spinaci ni spinachi, sawa kabisa na unavyosema wewe. Wakiandika gn wanasoma ny, ndiyo lasanya hiyo wanayopika kila Ijumaa. Aglio, kitunguu thomu, isome alyo. Hii ukiishika, karatasi yoyote ya jikoni utaisoma.

Lakini wewe huletewi karatasi, unaletewa sauti, na hapo tatizo ni jengine. Ni shadda. Vitabu vya sarufi siku hizi vinasema mkazo. Sisi katika Kiswahili mkazo tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho, hatufikirii hata kidogo: ma-ha-RA-ge, pa-ra-CHI-chi, bi-li-NGA-nya. Maneno yanayokataa ni machache. Nilikuwa nawapa wanafunzi wangu mfano wa ba-ra-BA-ra, njia ya kupita gari, na ba-RA-ba-ra, sawasawa. Herufi zile zile, ukipeleka nguvu pahala pengine umesema kitu chengine.

Mtaliano naye mara nyingi anaweka pale pale petu. Ndiyo maana ukisema zukini au spinachi anakuelewa. Ila majina mengi ya mboga anayarudisha nyuma silabi moja zaidi. Anasema RU-ko-la, wewe unamsomea ru-KO-la. Anasema SE-da-no (seleri), wewe se-DA-no. Basilico ni ba-ZI-li-ko. Prezzemolo, ile parsley ya Mwingereza, ni pre-TSE-mo-lo. Kabichi ni KA-vo-lo. Hata brokoli tuliyoizoea, mwenyewe anaisema BROK-ko-li. Sikio lake linasubiri mpigo mwanzoni, haliupati, linapotea. Mtu akikwambia "nimenunua MA-che-nza" akikusudia machenza, na wewe ungeuliza "kome?"

Hiyo finokio yako umeikata silabi nne, fi-no-KI-o. Wao ni tatu: fi-NOK-kyo. Vivyo hivyo radicchio, yale majani mekundu machungu yanayofanana na kabichi ndogo: ra-DIK-kyo. Na usikie hizo k mbili. Kama ulikwenda chuoni, yaani madrasa, kwa maalim, herufi yenye shadda ya Kiarabu unajua kuikaza, unavyosema Rabbi au Muhammad. Fanya hivyo hivyo kwenye zukkini na chipolla. Watoto waliosoma chuo hawapati taabu hapa. Watoto wa bara nawaona wanateleza, samahani kwa hilo.

MtuWaSoni

Shikamoo mwalimu. Nimesimama nyuma ya boti nikitamka SE-da-no SE-da-no mpaka abiria mmoja akahama kiti. Chuo nilikwenda, Soni nako misikiti ipo!

Sasa nimeelewa kwa nini mtunza stoo ananisikia na shefu hanisikii. Mtunza stoo naye anasema se-DA-no.

Binti_wa_Malindi

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. MtuWaSoni, hayo unayopitia sisi Malindi tulizaliwa nayo. Waitaliano walianza kuja huku miaka ya 1960, walipojenga kile kituo cha San Marco cha kurushia satelaiti pale Ngomeni. Roketi (si ya saladi!) ya kwanza kubeba satelaiti kutoka kwenye jukwaa la baharini ilipaa 1967. Wahandisi walienda, hoteli na nyumba za likizo zikabaki, na mpaka leo ukipita Malindi mjini au Watamu utasikia mvulana wa ufuoni anabishana bei kwa Kiitaliano bila kigugumizi.

Mamangu ni mama mboga. Hajui kusoma Kiitaliano, na nikiongeza ukweli, Kiswahili chenyewe anasoma polepole. Lakini hilo RU-ko-la analitamka mpaka signora anamuuliza aliishi mji gani Italia. Siri yake ni kwamba hajawahi kuliona limeandikwa. Ameliokota kwa sikio kama lilivyo, na nguvu yake ikiwa pale pale ilipokuwa. Wewe kosa linaingia kwenye kalamu. Ukishaandika "rukola", kesho ukisoma, Kiswahili kinakusomea.

Mimi nilipokuwa namsaidia kuandika oda za nyumba za kupangisha, nilikuwa napiga mstari chini ya silabi anayoipa nguvu. Mstari mmoja tu wa kalamu. Nasikiliza sauti mara ya kwanza kwa ajili ya jina, mara ya pili kwa ajili ya mstari. Jaribu.

Kuhusu swali lako la pili, mama ana majibu makali. Mteja anaambiwa jina la mteja, mkulima anaambiwa jina la mkulima. Akipigia watu wake wa soko la Kongowea, Mombasa, hathubutu kusema melanzana, anasema biringanya, kwa sababu atachekwa halafu ataongezewa bei. Na dania ni dania (nyinyi mnaita giligilani, Unguja kotmiri, tushakubaliana kutokubaliana). Ila mbele ya Mtaliano hasemi neno mpaka ameinua kitu mkononi. Anainua, anataja, mwenzake anataja, basi. Kesi yote ya pilipili hoho na soseji ingeisha kama ungemwonyesha yule mtu wa stoo.

MtuWaSoni

Kuinua ningeinua, dada, lakini alikuwa ameshafunga geti. Alizungumzia dirishani.

Mstari wa kalamu nauanza leo.

JikoniNyuma

Niongeze kidogo, nafanya kazi jikoni, upande wa saladi na matunda, shefu wangu ni mtu wa Napoli.

Mwalimu ameeleza vizuri sana ila MtuWaSoni kabla hujakariri muulize shefu wako ametoka wapi, kwa sababu wao kwa wao hawaelewani. Mfano hai: tikiti maji. Aliyetangulia alikuwa wa kaskazini, akisema an-GU-rya. Akaja mmoja wa Roma, akasema ko-KO-me-ro, mimi nikaenda stoo kutafuta kitu kipya kabisa, niko mle ndani nafungua mafriji. Huyu wa Napoli naye anasema mellone, na kwa wenzake wa kaskazini melone ni lile tikiti dogo la njano ndani, linalonukia. Wakikaa meza moja wanabishana kuhusu tikiti kwa sauti ambayo wageni wanadhani kuna ugomvi. Sasa wewe mpeleka mboga ukisikia "melone" uliza: kubwa jekundu au dogo la njano? Usione haya. Mimi nimemwona Mtaliano akimuuliza Mtaliano mwenzake.

Na irabu ya mwisho angalia. Peperone ni hoho moja, peperoni nyingi. Melanzana moja, melanzane nyingi. Wengine wanasema zukini, wengine zukine, ni kitu kile kile, usipeleke mara mbili. Halafu pe-pe-ron-CHI-no ndiyo pilipili kali yenyewe. Hiyo ukiichanganya na peperoni hutafungiwa geti, utafukuzwa.

Kuhusu lile "dz" la melandzana usihangaike, hata yangu bado inatoka melanzana ya kawaida na ananielewa. Kikubwa ni mpigo, kama mwalimu alivyosema.

Kaskazi_77

Kwa hiyo wao wenyewe tikiti wana majina matatu na sisi ndio tunaambiwa hatujui kutamka.

MwalimuMstaafu_Chwaka

Kaskazi, hakuna aliyekwambia hujui. Wewe ukivuka bahari kuja Unguja ukaomba nyanya, utaelewa kwa nini wanakuletea tungule.

Kaskazi_77

Hapo umenipata mzee wangu.

MtembezaWageni

Assalaam alaykum wote. Natembeza wageni mashamba ya viungo, Kizimbani na sehemu za karibu, na nataka kumtetea Kaskazi kidogo. Mimi kazi yangu ni upande wa pili: wao ndio wanatamka majina yetu. Nikikata shokishoki naliweka mkononi mwa mgeni kwanza, aone zile nywele, ndipo namwambia jina. Wajerumani wanalipenda, wanasema "shoki-shoki" kwa furaha, halipingani na midomo yao. Duriani hawahitaji kufundishwa, wanalijua kwa harufu na jina lenyewe limetoka Malaya kama lao. Linalowashinda ni ng'. Ng'ombe akipita shambani nasubiri tu, najua tutacheka dakika tano.

Lakini nilichotaka kumwambia MtuWaSoni ni kwamba baadhi ya hivyo vitu vya baridi unavyovuta kutoka milimani viko hapa hapa, ila kwa majina ambayo hukuyategemea. Hiyo ba-ZI-li-ko ni mrehani. Bibi zetu wanao uani. Ukienda kwenye harusi ukamwona bibi harusi ana kikuba, zile asumini zilizofungwa pamoja na majani yanayonukia, harufu ile kali kidogo inayopanda juu ya asumini ni ya mrehani. Mara ya kwanza nilipomwona Mtaliano anautupia juu ya pizza nilishtuka, nikamwambia hayo ni mapambo ya wanawake. Akanusa, akasema ba-ZI-li-ko, akaendelea kula. Aina zinatofautiana, wa kwetu una jani dogo na harufu kali zaidi, na mashefu wengine wanaukataa kwa sababu hiyo, wanataka lile jani pana laini. Lakini wako wanaoukubali. Mpelekee kifungu kimoja anuse, usimtajie jina lolote.

Na finocchio yako ni shamari. Mbegu zake zimejaa Darajani kwenye maduka ya viungo, kila mtu anazijua kwenye chai na dawa ya tumbo la mtoto mchanga. Wanachokitaka wao ni lile tumba la chini, jeupe, bichi, na hilo sijaona mtu akiliuza hapa. Sisi tunakula mbegu, wao wanakula shina.

Binti_wa_Malindi

Huku kwetu tumba hilo linatoka bara, Nairobi, na bei yake mama anaitaja akiwa amegeuka pembeni.

MtuWaSoni

Wakuu, narudi na mrejesho.

Mistari ya kalamu imefanya kazi. Oda ya juzi ilikuwa ndefu kuliko zote, nikaisikiliza mara mbili kama alivyosema dada wa Malindi, nikapiga mistari. Asubuhi nikamsomea shefu mlangoni: RU-ko-la, SE-da-no, pre-TSE-mo-lo. Hakuna "kome". Alisimama mara moja tu, kwenye fi-NOK-kyo, akanirekebisha k, nikaikaza kama maalim alivyotufundisha, akapiga makofi. Halafu akaanza kuniongelesha Kiitaliano kwa kasi akidhani najua lugha. Nikamwambia mimi mwisho wangu ni kabichi.

Mtunza stoo nimemtengenezea karatasi yenye picha: hoho, soseji, pilipili kali, na jina chini ya kila moja kwa lugha tatu. Kaibandika mlangoni. Hakuniomba radhi ya zile nyanya lakini siku hizi geti linafunguliwa mapema.

Mrehani nimepeleka kifungu, nimeuchuma kwa mama mwenye nyumba yangu, kwa ruhusa yake. Shefu wa kwanza alinusa akasema una nguvu mno, unafaa samaki na si pizza. Yule wa Napoli wa JikoniNyuma (ndiyo, nimekujua, ni hoteli yenu) alichukua wote na kuuliza kama naweza kuleta kila Jumatatu. Mama mwenye nyumba amesikia na sasa anaongeza kodi kwa jani.

Kwa mjomba nimefuata sera ya mama mboga. Huko nasema seleri, liki, na "yale majani yenye ukali", kwa sababu nilipojaribu kumtajia prezemolo aliuliza kama nimeoa huko Unguja bila kuwaambia. Mbegu za shamari za tumba nimemtumia, ameziatika kitaluni juu kabisa kwenye baridi. Tutaona.

Sasa limekuja jingine. Shefu anataka karchofi. Hili sikupata taabu nalo hata kidogo: kar-CHO-fo moja, kar-CHO-fi nyingi, mkazo uko pale pale petu. Mwalimu atafurahi. Kanionyesha na picha, kitu kama tumba la ua lenye magamba ya kijani. Mjomba hajawahi kukiona, Mwanakwerekwe hakipo, Kariakoo wananiuliza ni mnyama au mmea. Mwenye kujua shamba lolote linalokilima, iwe Lushoto, Arusha au Iringa, aje inboksi. Kulitamka naweza, bado kulipata.